Usitupe kipuri kilichochakaa

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna cherehani, baiskeli, mashine ya kusagia nyama au saa ya ukutani iliyonyamaza, nakuomba uisome safu ya leo mpaka mwisho kabla hujampa jibu yule kijana apitaye mitaani akiuliza nani ana chuma chakavu. Nina deni la kukiri mbele yako. Deni hilo lilianzia Bungu, katika milima ya Usambara, ambako shangazi yangu amekuwa akishona nguo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tuliolelewa milimani tunaijua nyumba ya namna ile: baraza fupi, meza moja ya kukatia vitambaa, na cherehani ya miguu iliyowekwa pale ambapo mwanga wa asubuhi hufika kwanza, maana ukungu wa Usambara hauna huruma kwa macho ya mshonaji. Cherehani ile ilinunuliwa kwa fedha za kahawa, nayo ndiyo iliyonilipia ada mimi na ndugu zangu wawili. Kila ulipokaribia mwezi wa Januari sare za shule zilirundikwa juu ya mkeka, nasi tulilala huku mashine ikilia, tukaamka ingali inalia.

Siku moja shangazi alinipigia simu. Sindano, alisema, zinakatika moja baada ya nyingine, na ile isiyokatika inaruka mishono. Alikuwa ameiteremsha mashine mjini kwa gari la abiria, akiwa ameipakata kama mtoto mgonjwa. Fundi wa huko akabadilisha sindano, akabadilisha kijumba cha bobini, akapokea fedha zake, na tatizo liliporudi akasema kwamba mashine imezeeka. Nami, nikiwa kazini na mwingi wa haraka, nikatoa hukumu bila kuiona: "Iuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, shangazi. Nitakununulia mpya."

Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mwanangu."

Mpya sikuinunua. Mwezi wa kwanza kulikuwa na kodi ya nyumba, wa pili kulikuwa na ugonjwa, na wa tatu, nikiri kweli, sikuwa na sababu yoyote ila kusahau. Miezi saba ikapita. Nilipopanda Bungu nilimkuta shangazi ameketi barazani akishikiza vifungo kwa mkono, kazi ambayo zamani aliwaachia watoto. Wateja wake walikuwa wamekwisha kuhamia kwingine. Cherehani ilikuwa pale pale, imefunikwa kanga. Hakuiuza. Na wala hakunikumbusha ahadi yangu, jambo ambalo liliniuma zaidi kuliko kama angenigombeza.

Jirani alituelekeza kwa mzee mmoja ambaye hutengeneza pampu za kunyunyizia dawa, kufuli na baiskeli. Karakana yake ni chumba kimoja chenye jiliwa, tupa za kila namna na makopo ya misumari. Mzee hakuigusa mashine kwanza, bali alimwuliza shangazi maswali kama mganga: ilianza lini, inaruka mishono kwenye kitambaa kizito au chepesi, na ni nani aliyeifungua mara ya mwisho. Kisha akaishika fimbo ya sindano, yaani ule mti mwembamba wa chuma unaopanda na kushuka ukiibeba sindano, akautikisa kwa vidole viwili.

"Inacheza," alisema.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ulipokuwa ugonjwa wote. Fimbo ya sindano hupita ndani ya bushi, ambayo ni pete ndefu ya madini iliyosimikwa chini ya kichwa cha mashine ili kuiongoza fimbo ishuke wima. Kwa miaka mingi ya kupanda na kushuka, tundu la bushi lilikuwa limeliwa upande mmoja, likaacha kuwa mviringo, likawa na umbo la yai. Fimbo ikapata nafasi ya kuyumba. Sindano ikiyumba unene wa uzi tu, ndoano iliyo chini huupita uzi wa sindano bila kuunasa, na huo ndio mshono ulioruka. Ikiyumba zaidi kidogo, hugonga chuma na kukatika. Unaweza kubadilisha sindano mia moja, wala usiuguse ugonjwa.

Mzee aliifungua, akatoa ndani yake kipande cha bati kilichoviringishwa. Fundi wa mjini alikuwa ameiondoa bushi yenyewe na kuziba pengo kwa bati la kopo. Mzee alitikisa kichwa, akamgeukia shangazi: "Mama, bushi yake ya asili iko wapi?"

Nilikuwa tayari kusema kwamba imepotea. Lakini shangazi aliondoka kimya, akarudi na kopo lake la vifungo. Akalimimina juu ya meza, akapekuapekua, na katikati ya vifungo vya makoti akatoa kipande kidogo cha madini kisichofika urefu wa kidole. Fundi alipotaka kukitupa, alikuwa amekiomba. Alisema hakujua kitafaa nini. Alijua tu kuwa kilikuwa ni cha mashine yake.

Mzee alikipokea kwa mikono miwili. "Ndani pameliwa," alisema, "lakini nje hapajaguswa. Nje ndipo patakaponipa kipimo."

Hili ndilo somo la kwanza, nami nataka likukae moyoni. Kipuri kilichochakaa hakichakai kila mahali. Huchakaa pale panaposuguana tu. Sehemu nyingine hubaki kama zilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo kipuri kibovu ndicho kielelezo bora cha kutengenezea kipya. Unene wa nje wa bushi mzee aliupima kwenye bushi ile kuukuu. Upana wa tundu la ndani hakuupima hapo, kwa sababu hapo palikuwa pamekwisha kudanganya. Aliupima kwenye fimbo yenyewe, sehemu ya juu ambayo haijawahi kuingia ndani ya bushi. Akaandika vipimo vyote kwa chaki juu ya jiliwa.

Kisha kazi ikaanza. Hakuwa na mashine ya kukereza chuma. Alichukua kipande cha shaba ya manjano kilichotoka katika koki kubwa ya maji iliyokufa, akakitoboa katikati, kwani ni rahisi kuulinganisha mzunguko wa nje na tundu kuliko kulilinganisha tundu na mzunguko wa nje. Akakifunga kwenye keekee, na keekee akaibana katika jiliwa. Mjukuu wake akawa anazungusha mpini, naye akikandamiza tupa juu ya shaba inayozunguka, akisimama kila baada ya muda kupima. Unga wa shaba ulikuwa ukimwagika mezani kama bizari.

Bushi ya kwanza iliharibika, kwa kuwa tupa ilikula kupita kipimo. Hakuilaani wala hakujaribu kutudanganya nayo, bali aliitia koponi, akakata kipande kingine. Ya pili aliiacha na tundu jembamba kidogo kuliko fimbo, kisha akalipanua polepole kwa msasa laini uliozungushiwa kijiti. Akaipaka fimbo mafuta, akaiingiza, akaiachia. Ilikwama. Akasugua tena. Mara ya nne fimbo ilishuka yenyewe kwa uzito wake, taratibu, bila kukwama na bila kutikisika. Hiyo ndiyo hesabu ya kazi ya namna hii: ikikwama itaungua kwa msuguano, ikiporomoka itayumba.

Hapa nakuomba tutoke kidogo Bungu, tuitazame kazi ile katika upana wake. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba kipuri cha kweli hutoka kiwandani peke yake, na kwamba kile kilichotengenezwa kwa tupa ni cha kubabaisha. Historia ya cherehani yenyewe yakanusha. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake nchini Marekani mwaka 1851. Kwa miaka mingi baadaye, hadi miaka ya 1880, vipande vingi katika viwanda vya kampuni yake vilitoka katika mitambo vikiwa bado havijakaa sawa, na mafundi wakavilinganisha kimoja kimoja kwa tupa mpaka vikubaliane. Kampuni ilikuwa imekwisha kufikia karibu cherehani nusu milioni kwa mwaka, na tupa ilikuwa bado mezani. Alichokifanya mzee wa Bungu, basi, ni kazi ile ile ya kiwandani, iliyorudishwa chini ya paa la bati.

Wala si kazi ngeni katika upande wetu huu wa nchi. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, katika milima ya Upare, wafua chuma walisifika zamani sana kwa kuyeyusha mchanga wenye chuma na kufua majembe ambayo majirani zao, Washambaa na Wachaga miongoni mwao, waliyapata kwa biashara. Ukoo wa Washana hadi leo jina lake linahusishwa na ufundi huo.

Tena viwanda navyo hufa. Kiwanda kikubwa cha Singer kilichokuwa Clydebank, Uskoti, kilifungwa mwaka 1980, lakini cherehani zilizotoka humo zingali zinashona katika mabara yote. Mashine ambayo kiwanda chake kimekufa ni yatima, na yatima hulelewa na jamaa waliobaki.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika michezo. Mjini Chicago, Marekani, zilitengenezwa kwa miongo mingi mashine za mchezo wa gololi ya chuma: sanduku lenye miguu na kioo juu, ambamo gololi huteremka katikati ya taa na kengele, naye mchezaji huirudisha juu kwa vibao viwili. Vibao hivyo vinavyoendeshwa kwa umeme vilianza mwaka 1947 katika mashine ya kampuni ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty. Kampuni hiyo ilifunga milango mwaka 1996, na Williams, iliyokuwa mshindani wake mkubwa, ikaacha kutengeneza mashine hizo mwaka 1999. Wamiliki wakabaki na mashine nzima zenye vipande vidogo vilivyoliwa.

Nao walifanya nini? Wengine walifanya kama mzee wetu. Ndani ya mashine hizo kila kibao huvutwa na fimbo ya chuma inayoingia na kutoka ndani ya koili ya umeme, na kati ya fimbo na koili huwekwa mwanzi mwembamba, siku hizi wa nailoni. Mwanzi huo huliwa, na tundu la pini inayounganisha fimbo na kibao hupanuka likawa kama yai, kibao kikapoteza nguvu. Walipima vipande vikuukuu, wakatengeneza vipya, na mashine zenye umri wa miaka sabini zingali zinachezwa. Ugonjwa ni ule ule wa cherehani ya shangazi, na dawa ni ile ile.

Ukiyaweka pamoja hayo utaona kanuni moja ambayo kila mwenye chombo yampasa kuijua. Pale vitu viwili vinaposuguana, kimoja lazima kiliwe, na mtengenezaji mwenye busara huchagua mapema ni kipi. Hukifanya laini kile kilicho rahisi kubadilishwa, na kigumu kile kilicho ghali. Mwanzi wa nailoni huliwa ili koili ipone, na bushi ya shaba huliwa ili fimbo ya chuma ipone. Ndiyo maana lile bati lilikuwa kosa: bati la kopo ni chuma, na chuma juu ya chuma huanza kuila fimbo yenyewe. Mzee alituonyesha mikwaruzo yake, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akasema kwamba laiti tungechelewa mwaka mmoja tungekuwa tunazungumza habari ya fimbo badala ya bushi.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi kazi, mwulize kipuri kitatengenezwa kwa kitu gani. Bushi yafaa iwe ya shaba. Kwenye kanyagio la cherehani, ambako mwendo ni wa polepole, hata mbao ngumu kama mpingo iliyoloweshwa mafuta huweza kufaa. Pini yafaa iwe ya chuma cha pua kilichotiwa ugumu, yaani kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu na sumaku isikishike tena, kisha kikazamishwa katika mafuta. Lakini pini iliyoachwa hapo huvunjika kama kioo. Hapana budi isuguliwe ing'ae na ipashwe tena polepole. Ikifika rangi ya majani makavu, kiasi cha nyuzi 230, inakuwa ngumu ya kuhimili msuguano. Ikifika rangi ya buluu, kiasi cha nyuzi 300, inakuwa na unyumbufu ufaao springi. Fundi asiyeijua tofauti hiyo atakutilia msumari, na msumari utapinda kabla ya mwezi kwisha.

Mzee alipomaliza kuifunga mashine hakuidai fedha yake. Aliuliza swali jingine ambalo mimi sikulitarajia: "Mnaitia mafuta gani?"

Shangazi aliinamisha macho. "Ya kupikia," alisema.

Mafuta ya kupikia, ndugu msomaji, hulainisha kwa siku chache, kisha hukauka yakawa gundi, na gundi ile hunasa vumbi na nyuzi za kitambaa mpaka ikageuka kuwa msasa. Hicho ndicho kilichoila bushi ambayo ingeweza kuishi miaka mingine mingi. Mzee alitaka kujua ni kwa nini hatumii mafuta ya cherehani. Shangazi akajibu kwa upole kwamba yalikwisha, na kwamba aliagiza mjini.

Aliagiza kwangu. Nilikumbuka pale pale. Ilikuwa ni miaka miwili nyuma, katika mazungumzo ya simu yaliyokuwa na mambo mengi: chupa moja ndogo ya mafuta ya cherehani, bei yake chini ya nauli yangu ya juma moja ya kwenda kazini. Nilisema, "Usijali, shangazi." Hakujali, kwa kuwa alinitumaini. Akaendelea kutia yale aliyokuwa nayo jikoni, na mashine iliyonisomesha ikaanza kufa kwa ajili ya chupa ambayo sikuituma.

Sisi tulio mijini tunapenda kuahidi makubwa. Tutanunua mashine mpya, tutajenga, tutaleta hiki na kile. Wazee wetu mara nyingi hawakuomba makubwa. Nakumbuka historia ya ile meli ya Ziwa Tanganyika, Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma ili isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha mainjinia wake waliipaka mitambo grisi nene. Mwaka 1924 ikainuliwa kutoka majini, na mwaka 1927 ikarudi kazini kubeba abiria. Ikiwa grisi iliweza kuihifadhi mitambo ndani ya ziwa, je, chupa ya mafuta isingeihifadhi cherehani barazani?

Sasa nikupe shauri la kutenda. Kwanza, kila chombo chako kinapofunguliwa, dai kipuri kilichotolewa, hata kama ni kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, ukihifadhi pamoja na karatasi inayosema kimetoka katika mashine gani na upande gani. Pili, usikubali neno "imezeeka" kutoka kwa fundi asiyeweza kukuonyesha kwa kidole mahali palipozeeka. Tatu, kazi ikizidi tupa na keekee, ulizia karakana yenye mashine ya kukereza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, na vyuo vya VETA ni mahali pazuri pa kuanzia. Nne, kabla ya kulipa, uliza ni kitu gani kilichokila kile cha zamani, maana kipuri kipya kikirudishwa katika uchafu ule ule kitakwenda njia ile ile. Tano, na hili ni la watoto wa mijini: tuma mafuta.

Siku ile, kabla jua halijashuka nyuma ya mlima, shangazi aliketi, akapitisha kipande cha kaniki chini ya sindano, akakanyaga. Alishona mstari mmoja mrefu, akakata uzi, wala hakuutazama upande wa juu. Aliugeuza upande wa chini, kama alivyotufundisha tukiwa wadogo, kwa kuwa huko ndiko mshono husema kweli. Akaupitishia kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaniomba nimletee kitambaa cha sare ambacho mteja mmoja alikuwa amekiacha kwa miezi kadhaa bila kukifuata.

Mzee alipokea ujira wake, nao ulikuwa mdogo kuliko bei ya sindano zote zilizokatika. Alipokuwa akiondoka alitaka kuichukua bushi kuukuu akaitie katika kopo lake la shaba. Shangazi alimzuia kwa adabu, akaifuta kwa pindo la kanga, akairudisha katikati ya vifungo. Alisema hata hii mpya nayo iko siku italiwa.

Chupa ya mafuta niliipeleka kituo cha mabasi juma lililofuata. Nawe, ndugu msomaji, kabla hujalikunja gazeti hili, hebu fikiri ni nani aliyekuagiza kitu kidogo ukamwambia asijali.

Tukutane tena Jumapili ijayo.